Kwado Alfani na Taa Kumi na Sita Alizozifunika

Saa kumi na mbili asubuhi, Kabondo, mjini Kisangani. Alfani Asumani bado hajawasha compresseur yake ya kujazia upepo. Taksi ya njano inasimama mbele ya kibanda, dereva anatoa kichwa dirishani, anamwita Ya, yaani kaka mkubwa.

"Ya Alfani, piga kaupepo mbio mbio! Niko na watu sita ya Bengamisa."

Alfani ameshaingiza kichwa ndani ya gari, anatazama tablo, ule ubao wa taa mbele ya dereva. Pale kwenye kona kuna kipande cha scotch nyeusi, utepe wa kunata, hakizidi ukucha wa kidole gumba.

"Hii scotch, nani aliweka?"

"Si we mwenyewe!" Dereva, jina lake Fiston, anacheka. "Umesahau kazi yako? Mwaka jana, kabla niende Isiro."

Alfani anakaa chini, juu ya tairi kuukuu. Hili ndilo gari la kumi na sita. Amelitafuta miezi saba.

"Mungu wangu," anasema.

Alfani ana miaka arobaini na tatu. Ni kwado, yaani fundi wa matairi. Alianza na baiskeli za toleka, zile zinazobeba abiria mjini, akaingia pikipiki, kisha magari. Kuziba tundu moja ni faranga elfu tatu. Siku nzuri anaziba manane. Siku mbaya anakaa tu na kuangalia vumbi.

Kipimo cha upepo hakuwa nacho, na pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara anapofanyia kazi, hakuna aliyekuwa nacho.

"Nilikuwa napiga pneu, ile tairi, na chuma, nasikiliza. Ikilia tiii, iko bien. Ikilia bu, inaomba upepo. Miaka makumi mbili sikio yangu haikunidanganya," anasema. "Bon, njo vile nilikuwa naamini."

Kisha yakaanza kufika magari yaliyotumika Ulaya. Ndani ya kila gurudumu lake, nyuma ya valvu, kuna kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. Chuma cha kufungulia tairi kilikuwa kinakivunja. Mjini watu wakasema ni kidude cha Wazungu cha kufuata gari popote linapoenda. Wenye magari wenyewe wakaja: toa, toa vyote. Alfani alivitoa, dola tano kwa gari, akavitupia ndani ya kopo la maziwa.

Halafu, vidude vikishatolewa, kwenye tablo inawaka taa ya njano, umbo lake kama sufuria iliyopasuka na alama ya mshangao katikati. Dawa ya Alfani ilikuwa scotch.

"Nilikuwa nawaambia, hii taa ni ya baridi ya Ulaya, huku kwetu iko na uongo tu. Na walikuwa wananiamini! Watu wazima, na cravate shingoni!"

Odile naye alimwamini. Ni muuguzi kule Bengamisa. Yeye alikuja taa ikiwa imewaka yenyewe, vidude vyake vyote bado vimo ndani. Alfani alipiga tairi, akasikiliza, akasema hakuna kitu. Akatoa vidude, akajaza upepo, akafunika taa.

Wiki mbili baadaye Odile alirudi juu ya pikipiki, mkono wa kushoto ndani ya plasta. Dereva wa pikipiki alitupa tairi lililochanika miguuni pa Alfani. Lilikuwa limepasuka karibu na daraja la Tshopo, na gari likaingia kwenye mihogo ya watu, mama yake Odile akiwa kiti cha nyuma. Mama hakuumia. Bado hataki kupanda gari.

"Ya Alfani, si uliniambia taa iko na uongo?" Odile aliuliza.

"Ndiyo, Odile."

"Angalia hii musumari. Upepo ilikuwa inatoka polepole, siku zote zile. Taa ilisema. We uliifunika."

Josué, fundi umeme wa magari anayefanya kazi pembeni, alisikia kelele akaja. Akachukua kidude kimoja ndani ya kopo, akakigeuza.

"Ya Alfani, vraiment! Hii njo inapimaka pression ya upepo. Kila pneu iko na yake. Upepo ikishuka, inawasha taa. Na we unaweka ndani ya kopo?"

Alfani alimwaga kopo chini. Wakahesabu. Sitini na vinne. Magari kumi na sita, na watu ndani.

"Nilifunga kibanda palepale," anasema. "Siku mbili sikufungua. Kila ambulance ikipita, nasema, njo ile, ni mutu yangu."

Josué alimfundisha. Taa ikiwaka na kubaki imewaka, upepo umepungua: punguza mwendo, usikanyage breki kwa nguvu, simama mahali pazuri, pima. Ikipepesa kwanza kama dakika moja halafu ikabaki, basi vidude vyenyewe ndivyo vimekufa au havipo. Na kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya mlango wa dereva.

"Miaka yote nafungua ile milango!" Alfani anashika kichwa. "Ata siku moja sikusoma."

Kuvirudisha haikuwezekana. Vimechanganyika, vingine betri imekwisha, na ile mashine ya kuvitambulisha kwa gari hakuna anayemjua mwenye nayo Kisangani. Basi Alfani alinunua vipimo vidogo kumi na sita, vile vya kuweka mfukoni, akapanda toleka na kuanza kutafuta magari, moja moja. Pasta mmoja alimwombea, kisha akahamia kwa kwado mwingine. Mwalimu mmoja alimwita muuaji mbele ya wanafunzi. Odile alipokea chake. Mpaka leo hajarudi.

Makwado wenzake wanacheka. "Nani alikutuma ujiseme? Wangejua na nini?"

Sasa amebaki Fiston, ambaye hacheki tena. Alfani amemweleza yote, hakuficha kitu. Anapima tairi la mbele kushoto. Karatasi ya mlangoni inasema mbili nukta tatu. Kipimo kinasema moja nukta moja.

"Moja?" Fiston anachukua kipimo mwenyewe, anapima tena. Ni ileile. Anawageukia abiria wake sita, mmoja ana mtoto mgongoni. "Shukeni. Shukeni wote!"

Saa nzima inapita. Tundu limezibwa, matairi manne yamefika kwenye namba yake. Alfani hataki hata faranga. Anampa Fiston kile kipimo cha kumi na sita, cha mwisho.

Anachotaka sasa ni ile mashine ya kutambulisha vidude. Yeye na Josué wameanza kuweka pesa pamoja, na kopo la vidude hajalitupa: vingine betri yake bado ni nzima, anasema, siku moja vitarudi ndani ya magurudumu.

Abiria wanapanda tena, Fiston anawasha gari. Alfani anaingiza mkono ndani ya gari na kubandua scotch. Taa inapepesa, inapepesa, inabaki imewaka: vidude havimo.

"Ya Alfani, sasa hii itanisumbua njia yote mpaka Bengamisa!"

"Ikusumbue," anasema Alfani. "Ikikusumbua sana, simama. Shuka. Pima."