Sehemu Ambayo Sikuiandika

Asubuhi ya usaili Maman alizima redio, akafunga dirisha la upande wa barabara, kisha akaenda kumwomba jirani asitwange sombe, majani yake ya muhogo, mpaka saa tano. Nilimsikia akisema huko nje, kwa sauti ya mtu anayejivuna huku akijizuia, "Mtoto wangu anaongea na bantu ba Kigali kwa kompyuta. Ni juu ya kazi."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na riziki yangu ilikuwa kutengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko la Kamembe, ambako Maman naye huuza vitenge. Kampuni ile ya Kigali ilitafuta mtu wa kuandika programu. Kilichowavutia kwenye barua yangu ya maombi kilikuwa kimoja tu: programu ya kituo cha afya upande wa Muganza, inayowatumia akina mama ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya chanjo. Nilikuwa nimeandika kwamba niliijenga mimi. Sikuandika kwamba tulikuwa wawili.

Wa pili alikuwa msichana niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha hesabu huko Muganza. Mimi nilitengeneza kurasa, rangi na vitufe. Yeye aliandika sehemu yote ya kutuma ujumbe, yaani kazi yenyewe.

Kwenye skrini walikuwa mwanamume na mwanamke. Mwanamke ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa: "Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, programu yako inajuaje nani ameshapata ujumbe na nani bado?"

Nilikuwa nimeiona ikifanya hivyo mara nyingi. Sikuwahi kuuliza inafanyaje.

"Inajua yenyewe," nikasema.

"Inajuaje?"

Nikanyamaza. Akaniomba nifungue faili nimwonyeshe. Nikafungua, nikaanza kushuka mstari kwa mstari kama mgeni, na nilikuwa mgeni kweli. Mwanamume akasogea karibu na kamera. Juu kabisa ya faili, rafiki yangu alikuwa ameandika jina lake, na yule bwana akalisoma kwa sauti.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu mmoja," nikajibu. "Alinisaidia kidogo."

Walinishukuru kwa muda wangu. Nilipofunga kompyuta, shati lilikuwa limenigandama mgongoni. Maman akatoka nyuma ya pazia la chumba chake.

"Ilienda namna gani?"

"Bien, Maman."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unanyamaza vile?"

"Ni mtandao. Ulikatika."

Aliniamini mara moja, akaenda kumwambia jirani kwamba anaweza kutwanga.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa kazi ya mtoto wake kana kwamba imeshapatikana, akaomba watu wapige makofi, wakapiga. Nilikuwa mstari wa tatu, nimeinamisha kichwa, na mzee aliyekaa kando yangu akanishika bega akidhani nasali. Kesho yake barua pepe ikafika. Mistari miwili ya adabu: hapana.

Ningeweza kuvumilia ile hapana. Neno "kidogo" ndilo lililonishinda. Nilikuwa nalisikia nikiwa kazini, nikiwa mezani, wateja wakiniongelesha. Siku ya tatu nilifunga kibanda mchana, nikapanda gari la Muganza.

Nilimkuta kwenye chumba cha walimu, peke yake, anasahihisha madaftari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza.

"Ulisema kidogo?" akauliza.

"Nilisema."

"Kidogo," akarudia, akasahihisha daftari moja hadi mwisho. Nje malori ya simenti yalikuwa yanapita na vioo vinatetemeka.

"Nitabaandikia ukweli," nikasema.

"Andika hapa. Mimi nikiona."

Niliandika kwenye simu, yeye akisoma kila sentensi. Nilipoandika kwamba tulisaidiana, alitikisa kichwa. Nikafuta. Nikaandika kwamba sehemu waliyoniuliza ni yake yote, na kwamba nilidanganya. Nikatuma.

Jioni hiyohiyo nilimwambia Maman yote, na ile hapana pia. Alikuwa anakunja vitenge, akaendelea kukunja muda mrefu bila kuniangalia.

"Na kanisani nitasema nini?"

"Nitasema mimi."

Jumapili nilisema, maneno machache. Hakuna aliyepiga makofi. Maman alikuwa ananiangalia kifuani, machoni hakufika.

Mimi kampuni haikunijibu kamwe. Yeye walimwandikia. Walimfanyia usaili mara mbili, wakamchukua, na mwisho wa muhula akaondoka kwenda Kigali. Nilikwenda kumsindikiza kwenye gare, kituo cha magari cha Kamembe, nikambebea sanduku. Mama yake, ambaye hakuwa ameambiwa kwamba nilidanganya, alinishika mikono yote miwili mbele ya abiria.

"Aksanti sana, mtoto wangu. Bananiambia ni weye ulibaandikia bale bantu juu yake. Mungu akubariki."

Nilitaka kumweleza. Neno la kwanza lilikuwa tayari mdomoni, lakini dereva alikuwa anaita abiria, na yule mama alikuwa analia kwa furaha.

"Si kitu, Maman," nikasema.

Rafiki yangu alikuwa ameshakaa dirishani. Alisikia. Aliniangalia kitambo, akageuza uso mbele, na gari likatoka.