Kurasa Nyeupe za Mwisho

Kile kitabu nilipewa kidato cha pili, zawadi ya kuwa wa kwanza katika somo la historia. Kilikuwa kinene, jalada gumu, kinaeleza habari za watu wa kale: Misri, Babeli, Uyunani, Uchina, na miungu yao na visa vyao vyote vya ajabu. Juu ya jalada waliandika kwamba ni cha wasomaji wa rika zote. Nilicheka. Kwetu Kiwangwa msomaji nilikuwa mimi peke yangu, rika nyingine zote zilikuwa shambani zinapalilia mananasi.

Lakini kweli kilisomwa na rika zote, kwa mdomo wangu. Likizo nilikaa kwa bibi, mama yake mama, na kazi yetu ya mchana ilikuwa kumenya mihogo ya kuanika. Yeye anamenya, mimi nasoma. Nikisimama kidogo nishike kisu, anasema, "Endelea, mke mwenzangu. Huo mhogo unaoumenya wewe unabaki kidole."

Alikuwa hasikilizi kimya. Nikimsomea habari za mungu wa Misri aliyekatwakatwa vipande na ndugu yake, anauliza, "Ndugu wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja, bibi."

"Basi hilo ni shamba. Waligombea shamba, walioandika wamesahau kulitaja."

Nikimsomea habari za mfalme aliyepata mmea wa kurudisha ujana, akaenda kuoga, nyoka akauiba, bibi anaweka kisu chini kabisa. "Mtu ana dawa kama hiyo mkononi halafu anakwenda kuoga. Si angenuka tu?"

Siku tuliyofika kwenye sura ya pwani yetu, ilikuwa nusu ukurasa na picha ya ukuta uliobomoka. Nikaisoma, nikamaliza, nikageuza.

"Ndiyo hiyo tu?" bibi akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Na visa vyetu?"

"Havipo. Labda walipokuja hawakumkuta wa kuwasimulia."

"Sisi tulikuwa tumekwenda wapi?"

Akajifuta mikono kwenye kanga, akakichukua kitabu, akakipindua. Mwisho wake kulikuwa na kurasa nane nyeupe, zimeachwa kwa ajili ya msomaji kuandika yake. Akasema, "Lete kalamu."

Bibi hakusoma shule, alisoma chuo cha Kurani. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa zamani walivyoandikiana barua, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho kabisa, kwake ulikuwa wa kwanza. Kitabu chote cha Babeli na Uyunani kilikuja baada yake yeye. Likizo tatu aliandika, polepole, mistari michache kwa siku, akiisema kwa sauti huku anaandika. Nilisikia vipande. Nilikuwa naingia na kutoka, nachota maji, nachezea simu ya mjomba.

Aliniambia mara nyingi, "Kaa nikuonyeshe namna ya kuyasoma haya. Herufi unazijua, umetoka madrasa. Ni mazoea tu."

Nikamwambia nikitulia. Nilikuwa na mtihani. Baadaye nilikuwa na mchumba. Baadaye nilikuwa na mimba. Sikutulia, na bibi akafa msimu wa mvua, wiki niliyojifungua mtoto wa pili huku Bagamoyo mjini. Sikumzika. Kitabu nilikuwa nacho mimi, juu ya kabati, na nilijiambia kwamba bibi yumo humo na wala haendi popote.

Sasa niseme la mama mkwe, na nitalisema lilivyo.

Tunakaa kwake. Anauza korosho za kukaanga pale stendi, anazifunga kwenye karatasi alizosokota kama koni. Karatasi ni tatizo lake la kila siku, anaomba madaftari ya zamani nyumba kwa nyumba. Siku moja mwanangu wa kwanza, msichana, wakati huo ana miaka minane, alikuwa amekishusha kitabu anakisoma mkekani. Mama mkwe akapita, akaona picha ya mtu mwenye kichwa cha mbwa.

"Hii nini? Masanamu ndani ya nyumba ninayoswalia?"

"Ni historia, mama."

"Historia ya nani? Ya babu yako? Mtoto anakohoa mwezi mzima, kumbe malaika wanaishia mlangoni."

Mtoto alikuwa anakohoa kwa sababu ya moshi wa korosho zake. Hilo nililijua, na nilikuwa nimelimeza mwezi mzima. Ningeweza kulisema, tukagombana, yakaisha. Au ningeweza kunyamaza. Mimi nikafanya la tatu. Nikamnyang'anya mtoto kitabu, nikakitupa miguuni kwa mama mkwe, nikasema, "Chukua, mama. Fungia korosho. Ni karatasi tu."

Nilitaka aone aibu. Nilitaka aseme hapana, mwanangu, kitabu chako hicho. Yeye akakiokota, akakipima uzito kwa mkono, akasema, "Ahsante. Zitafaa."

Mtoto alilia mpaka akalala. Mimi nilikaa na kiburi changu siku mbili nzima. Siku ya tatu nilikuwa nafua, mikono imo kwenye povu, ndipo zikanijia zile kurasa nane. Sitadanganya kwamba nilizisahau tangu mwanzo. Naamini nilipokuwa nakitupa nilizikumbuka, na hasira ikasema tupa.

Nilikimbia na mikono yenye sabuni mpaka stendi. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Jalada liko chini amelikalia, kurasa za ndani hazimo. Babeli ilikuwa kwenye sinia, koni kumi na kitu, zimejaa korosho.

"Kurasa za nyuma, mama. Zilizoandikwa kwa mkono."

"Zile za Kiarabu?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Unadhani mimi naweza kufungia korosho maandishi yale, watu wale, watupe, wakanyage? Nimezitoa zote, nimezibusu, nimezitia kwenye mfuko wa juzuu chakavu."

Nusura nimkumbatie. Kila nyumba kwetu ina mfuko huo. Kurasa za Kurani zilizochanika hazitupwi wala hazifungiwi kitu, zinakusanywa kwa heshima.

"Mfuko uko wapi?"

"Msikitini. Si tunaingia Ramadhani wiki hii? Wamepita jana kukusanya, wakazike."

Hakuwa amekosea. Mpaka leo nikimtafutia kosa silipati. Aliona herufi za Mungu akazitendea kama za Mungu. Wayunani na Wamisri aliwasokota bila huruma, bibi yangu akambusu. Na huyo aliyebusiwa ndiye niliyempoteza.

Mzee anayetunza msikiti nilimkuta anafagia uani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamweleza. Akaegemeza fagio ukutani.

"Tumezika jana baada ya Alasiri, mwanangu. Makaburini, upande wa ndani. Shimo refu, misahafu ilikuwa mingi."

"Humo mna kurasa nane si Kurani, mzee. Ni hadithi za bibi yangu."

"Hadithi za Mtume?"

"Hapana. Za mvua. Za watu wa zamani wa kwetu Kiwangwa."

Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Basi maneno ya bibi yako yamelala na maneno ya Mola wake. Wengi wangependa."

"Nataka kufukua."

"Ufukue misahafu?"

"Nane tu. Nitazijua kwa mwandiko."

"Na hizo nyingine utaziweka wapi huku unatafuta? Mchangani?" Akachukua fagio lake. "Nenda nyumbani, mama. Na mvua ya jana usiku uliisikia."

Niliisikia. Nilikuwa nimelala kitandani naisikia, nafurahi kwamba kuna baridi.

Nyumbani binti yangu aliniuliza, nami nikamwambia kweli yote, hata ile sehemu ya kutupa. Akafikiri. Akasema, "Wale wa Babeli vitabu vyao vilikaa chini ya mchanga miaka mingi, watu wakaja wakachimba wakavipata. Si tungoje?"

"Vyao vilikuwa vya udongo uliochomwa, mwanangu. Vya bibi ni karatasi na kalamu ya wino."

"Sasa bibi kwa nini hakuandika kwenye udongo?"

Tangu siku hiyo akitoka shule anapita stendi, anaokota koni zilizotupwa, anazikunjua, anazinyoosha kwa kiganja. Ana kurasa kumi na moja zenye mafuta na chumvi. Mama mkwe alimwona, na siku hizi akifungua daftari la mtu kwa ajili ya korosho analipekua kwanza ukurasa kwa ukurasa, halafu ananiuliza, "Hili halina la mtu?" Namjibu halina. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Kisa kimoja cha bibi ninacho, na sinacho chote. Mwanamke aliolewa na Mvua. Mvua alimpa sharti moja, asimfuate akiondoka. Mwaka wa ukame mwanamke akamfuata, akapanda kilima, akamkuta mama yake Mvua amekaa na ungo anapepeta mawingu kama mtu anavyopepeta mtama, makapi huku, maji huku. Yule mama mkwe akamwambia, "Umekwisha fika. Sasa chagua." Na hapo mimi nilitoka kwenda kuchota maji. Nakumbuka ndoo, nakumbuka ilikuwa ya njano. Alichochagua sikijui, na alipewa achague kati ya nini na nini sikusikia.

Nilipanda gari mpaka Makurunge kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekaa na bibi mpaka mwisho. Nikamwuliza mwanamke yule alichagua nini. Alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi, hakuinua uso.

"Hicho kisa nilikisikia kama wewe, nusu nusu. Sikumwuliza mama chochote. Tulisema huyu wa shule ndiye mwenye kitabu, visa viko kwake."

Nikarudi.

Jana binti yangu alichukua daftari jipya la mistari. Ameanza kuandika kile kisa, kwa herufi za shule upande mmoja, na upande wa pili anajaribu kwa zile za madrasa, kutoka kulia, ulimi nje. Alipofika kwenye ungo akaniita.

"Mama, alichagua nini?"

Ningeweza kutunga. Akili ya kutunga ninayo, na yeye angeniamini. Nikamwambia, "Sijui."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Akaandika kwamba mama yake hajui kwa sababu alikwenda kuchota maji. Chini yake akaruka mistari mingi, karibu ukurasa mzima, akaiacha nyeupe. Kisha akaniuliza kama ndoo ilijaa.