Zizi la Kiganjani

Likizo hii mjukuu wangu wa kike amekuja Bonga, hapa Babati, na kitu cha kubonyeza, kidogo, kinaenea viganja viwili, na tangu kiingie humu ndani mimi nanusa udongo mbichi wa Mutuka. Usinicheke. Pua ya mzee ina kumbukumbu kuliko kichwa chake, na wewe ukivumilia kidogo utajua nimeutoa wapi huo udongo.

Kitu chenyewe ni gemu. Ndani yake kuna mtoto anayezunguka porini akikamata madude. Mengine kama panya, mengine kama kenge aliyeota mabawa, mengine sijui hata niyafananishe na nini. Anayakamata, anayakuza, anayapiganisha na madude ya wenzake. Basi, ndiyo gemu nzima. Mkwe wangu, mama yake mtoto, hakipendi. Mwaka huu wamehama Singida wakaenda Dodoma, na huko mtoto amegeuka wa chumbani, kichwa chini, hasemi na mtu. Juu ya hapo jirani yetu, mama wa kanisani, alichungulia kioo mara moja tu akatamka kwamba yale ni mapepo, na mapepo hayafugwi. Mkwe akanijia sebuleni na adabu zake zote.

"Baba, wewe ndiye mkubwa," akasema. "Kiangalie. Ukisema ni takataka, hakirudi Dodoma. Tutakiuza hapahapa stendi."

Mtoto alikuwa mlangoni, anasikia. Hakulia. Alikishika kifuani tu, kama mtu aliyebeba kifaranga. Nikawaambia mimi ng'ombe simpimi kutoka barabarani. Naingia zizini, namshika nundu, namfungua mdomo, natazama meno. Waniachie siku chache.

Shule mimi niliiacha mapema sana, sioni haja ya kuficha. Nyumba hii, shamba la mbaazi, mashine ya kusaga, vyote nimevipata kwa kutazama kitu kwa karibu na kuuliza bila haya. Kwa hiyo asubuhi yake, baada ya chai na viazi, nikakaa na mjukuu kwenye benchi la jikoni, nikamwambia haya, nifungulie.

Maneno yake ni ya Kiingereza, ananitafsiria yeye. Mwanzo ulinipendeza. Mzee mmoja anamwita mtoto, anampa mnyama wa kuanzia, anamwambia nenda kaone dunia. Hilo ni jambo la watu. Hata mimi mjomba wangu alinipa mtamba nikiwa sijaota ndevu, na nikaona kimo changu kimeongezeka siku ileile. Nikasema aliyetengeneza hiki kitu amelelewa vizuri.

Nilisema mapema. Hatukufika mbali, mtoto wa kwenye gemu akaingia nyumba ya watu bila hodi, akapekua kabati, wenye nyumba wanamtazama tu. Akatoka, akaingia ya pili. Njiani akikutana na mtu, macho yakigongana tu, ni vita. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani, ni vita. Nikauliza, hawa wanatoka ukoo gani? Halafu wale wanyama hawali majani, hawanywi maji, na hawanyi. Nikamwambia mjukuu, mnyama asiyekunya hajafugwa huyo, amechorwa.

"Babu, wakiweka na mavi nani atanunua?"

"Mimi," nikasema.

Akacheka mpaka akakiweka kitu chake chini. Mkwe alitoa kichwa jikoni kuangalia kuna nini. Tangu waje, hatukuwa tumeyaona meno ya yule mtoto.

Siku iliyofuata akanipa nicheze mwenyewe. Kumbe ukitaka kumkamata mnyama unampiga kwanza mpaka alegee, ndipo unamrushia kimpira cha kumkamatia. Nikakataa. Mnyama unayemtaka nyumbani kwako humchapi siku ya kwanza. Nikawatafuta wale kama panya, wasio na ubishi, nikawarushia vimpira hivyohivyo. Nikakamata mmoja. Nikakamata mwingine. Nikaendelea, roho inaburudika, nikiliona zizi linajaa.

"Babu, hao wote ni sawasawa. Wa nini?"

"Wa zizi."

"Mmoja anatosha. Tunataka mmojammoja wa kila aina."

Nikamweleza kwamba mmoja siyo mfugo, mmoja ni msiba unaosubiri. Akanionyesha pembeni ya kioo. Vimpira vimekwisha. Alikuwa anavitunza kwa ajili ya dude moja kubwa la mlimani, na mimi nimevimalizia kwenye panya. Alinitazama kama mtu aliyemkuta babu yake anang'oa bati. Lakini hakuwaka hasira. Aliguna tu, akasema tutavinunua vingine humohumo, na wale panya akanifungulia sanduku lao, wakakaa pamoja. Nikamwona ana moyo.

Sasa hapo ndipo udongo uliponipanda puani. Maana sisi watoto wa Mutuka, kijijini kwetu, tulikuwa na gemu hiyohiyo, ila yetu haikuhitaji chaji.

Tulikuwa tunachunga kijitoni. Kwenye ukingo kulikuwa na udongo mweusi, wa kunata, ambao bibi yangu alichota kwa ajili ya vyungu vyake na kutufokea tukiuchezea. Tulifinyanga ng'ombe. Nundu unaibana kwa dole gumba, pembe ni miiba ya mgunga, madoa ni jivu na mkaa. Unamkausha kivulini, kwa sababu jua litampasua, halafu unavizia jioni bibi akigeuza kande, unamchomeka kwenye majivu ya moto. Ukimtoa analia ting' ukimgonga kwa kucha. Nyumba nzima ilinuka moshi wa kibuyu, maana bibi alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na mpaka leo maziwa ya pakiti kwangu ni maji meupe.

Tuliwapiganisha. Madume mawili, uso kwa uso, kila mtu anasukuma wake huku akimsifu na kumtukana wa mwenzake. Aliyevunjika pembe alitoka. Dume langu kubwa nililiita Jirani Haji, kwa sababu pembe zake zilikuwa hazimkaribishi mtu. Mbaya kwa sura, lakini hakuwahi kushindwa. Kundi langu lote nililipanga kwenye kishubaka cha ukuta, karibu na nilipolala, na nililitazama kabla ya kulala kama watu wa siku hizi wanavyotazama simu.

Bibi akaliona. Hakusifu. Akasema, "Zizi moja, ugonjwa mmoja."

Wewe wa siku hizi labda hujui. Wazee wetu hawakuweka ng'ombe wote nyumbani. Mtu ana ng'ombe wake Sigino kwa rafiki, wengine Dareda kwa shemeji, na hapo kwake wapo wa watu wengine. Unayemwekea anakunywa maziwa, anapata samadi. Ndama ni wako, na mara mojamoja unamwachia mmoja kwa shukrani. Ungepita kwetu ungesema hawa maskini, kumbe mali imetembea. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haumalizi ukoo. Na mwenye kuwekewa hauzi. Hata njaa iingie, hauzi. Akiuza mnyama wa watu, hapewi tena hata kuku.

Basi bibi akanilazimisha na wale wa udongo nikawaweke kwa wenzangu. Nilinuna. Huyu kwa huyu, yule kwa yule, na Jirani Haji mwenyewe akaenda ng'ambo ya kijito, kwa binti wa jirani, msichana mwenye maneno makali kuliko pembe za dume langu. Tukamtia alama sikioni kwa ukucha, wajue ni wa kwangu. Nililia njia nzima kurudi.

Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha kama ina kisa na sisi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo, na paa lilikunywa maji mpaka likashindwa. Asubuhi moja kona ya kwangu ikaanguka. Hakuumia mtu, mbuzi walikuwa nje. Lakini kishubaka kilikwenda na ukuta, na kundi langu likarudi kuwa tope ndani ya tope. Nilikaa pale nikipekua kwa vidole. Nilipata miiba tu.

Mvua ilipokatika, wenzangu wakaanza kuja, huyu na jike, huyu na maksai. Binti wa jirani alifika wa mwisho, kijito kimemlowesha mpaka kiunoni, Jirani Haji ameinuliwa juu ya kichwa. Mkononi mwingine alikuwa na ndama, amemfinyanga mwenyewe.

"Dume lako limempanda jike wangu," akasema. "Chukua mtoto wako."

Nakwambia sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile, na nimepewa vitu. Yule binti leo ni bibi wa watu, na akishuka mjini kwa shughuli zake anaingia kwangu bila kupiga simu, anakunywa chai, tunatukanana kidogo, anaondoka.

Hayo yote nilimsimulia mjukuu palepale kwenye benchi, halafu nikamuuliza swali la mfugaji. Madude yako yote yamo humu? Kitu hiki kikidondoka kwenye ndoo ya maji, umebaki na nini?

Alibonyeza bonyeza, hataki kuniangalia. Kisha akasema aliye mkubwa kuliko wote hayumo. Yuko Singida, kwenye gemu ya rafiki yake. Walibadilishana kabla hawajahama, kila mmoja akampa mwenzake aliyempenda kuliko wote. Akanionyesha wa rafiki: dude la kijani, limekaa kama chura aliyeudhiwa. Pembeni limeandikwa jina la mwenyewe, na akaniambia hilo jina halifutiki, hata ulifuge miaka. Nikamwambia hiyo ndiyo alama ya sikio.

"Mwanzo alikuwa hanitii, Babu. Namwambia pigana, analala."

Nikacheka sana. Ng'ombe wa kuwekewa ndivyo alivyo, anampiga teke mkamuaji mgeni mpaka wazoeane. Nikamuuliza kama huwa anaongea na huyo rafiki. Akasema hapana, namba ya mama yake rafiki iko kwenye simu ya mama, na akiomba simu mama atajua ni mambo ya gemu. Kisha akasema kwa sauti ya chini lile ambalo lilikuwa linamkaba tangu siku ya kwanza.

"Wakiuza gemu, Babu, na huyu anauzwa. Na siyo wangu."

Nikasimama. Nikamwita mkwe, nikamwita mke wangu, na yule jirani alikuwepo, amekuja kuazima ungo, nikamwambia abaki maana yeye ndiye aliyeanza. Nikatoa hukumu. Nikasema, kwa upande wa adabu, gemu hii imeshindwa kabisa. Kwa ufugaji, imepata nusu, na hiyo nusu ni ya huruma. Kumpiga mnyama kabla ya kumfuga ni ujinga. Aliyeitunga aje Babati nimfundishe. Mtoto akawa anainamisha kichwa zaidi na zaidi.

"Lakini humo ndani kuna mnyama wa watu," nikasema. "Nyumba hii haijawahi kuuza mnyama wa kuwekewa, na haitaanza na mimi."

Nikawaeleza habari ya rafiki wa Singida. Jirani akakohoa, akasema kama ni amana hilo ni jambo jingine, hata Maandiko yanajua amana. Mkwe yeye alimgeukia mwanawe.

"Kumbe ni yule mliyekuwa mnakaa naye ngazini?" akauliza. "Mbona hukuniambia unamkumbuka?"

Mtoto akasema, "Hukuniuliza." Hakusema kwa kiburi. Mkwe akaelewa hivyo, nilimwona.

Nikaweka sharti langu moja. Kitu kinarudi Dodoma, ila mwenye ng'ombe kwa mtu lazima aende kumjulia hali, la sivyo huo siyo utaratibu, ni kutupa. Mkwe akatoa simu, akaanza kutafuta namba.

Wakati inaita niliwaza mengi. Ule ukingo wa kijito leo wanachoma matofali, na udongo wa bibi umesimama kuwa kuta za nyumba za watu. Tembe hazipo. Malisho yamekuwa viwanja na mahindi, na kila mtu ana ng'ombe wake wa kisasa bandani, amemfungia kufuli, hamweki kwa mtu wala hawekewi. Watoto hawashiki udongo. Mama zao wanaogopa minyoo. Nilikuwa nimeshaamini kwamba ile habari ya mali kutembea tumeizika na wazee wetu, na nilikuwa nimejiandaa kufa nikinung'unika juu yake. Kumbe watoto wawili wa mjini, ambao hakuna mtu aliyewafundisha, waliirudia wenyewe kwa sababu mmoja anahama na hawakutaka kuachana.

Simu ikapokelewa. Wamama wakasalimiana kwa urefu, kazi, watoto, mvua, kisha simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mjukuu wangu. Aliishika kwa mikono miwili. Hakusema hata habari yako.

"Yupo?" akauliza.

Sauti ya mtoto wa watu ikatoka huko Singida, kubwa, tuliisikia wote jikoni.

"Yupo. Amekua, humjui. Unakuja lini kumwona?"