Darasa la Siwema Lisiloonja Moto

Saa kumi na mbili asubuhi, Siwema Mwinyikondo yumo udongoni hadi magotini. Anaukanyaga kwa mwendo wa ngoma anayoisikia peke yake, huku akinyunyizia nyuzi fupi za mkonge, zile ambazo shamba la jirani humwaga kama takataka. Umande wa Julai haujakauka. Nyuma yake matofali elfu nne yamepangwa, yanasubiri jua.

Jua tu. Hapa hakuna tanuri.

Kijiji hiki cha Ujamaa karibu na Mvumi kina kaya mia mbili na kumi, na darasa moja la nyasi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1975 ilikuja barua: jengeni madarasa mawili, kwa matofali ya kuchoma. Aliyeiandika hakusema kuni zitoke wapi. Tanuri la darasa moja hula matela manne ya kuni, na miti iliyobaki ni ya kilimani, juu ya chemchemi inayonywesha kijiji kizima.

Siwema, mwenye miaka hamsini na mmoja, alisimama mkutanoni.

"Kilima cha ng'ambo nacho kilikuwa na maji," aliwaambia. "Mzungu wa mkonge akakata miti yake kulishia mitambo. Nilikuwa mwari. Mwaka wa nne tukawa tunafuata maji mtoni, saa tatu kwenda na kurudi. Mkoloni alitukausha bila kutuuliza. Leo tujikaushe wenyewe, tena kwa kura ya kunyoosha mikono?"

Akataka darasa lijengwe kwa udongo na mkonge, matofali yakaushwe na jua tu. Vijana wakapata la kucheka. Darasa lake wakaliita darasa la uji. Masika yakifika, walisema, wanafunzi watalinywa.

Walisahau jiko lake. Alilijenga mwaka 1973 kwa matofali hayo hayo, juu ya msingi wa mawe, paa likashushwa kama kofia iliyofunika masikio. Limepita masika mawili.

Mwezi uliopita Bwana Maendeleo, Urbanus Lukoa, alikuja kukagua tanuri. Siwema aliitikia shikamoo yake, akamketisha jikoni, akampa viazi. Kijana alikula akamaliza, ndipo akauliza tanuri liko wapi.

"Hakuna, mwanangu. Na huo ukuta ulioegemea haujaona moto, isipokuwa wa ugali."

Urbanus aligeuka, akaukwangua kwa ufunguo wa pikipiki. Ulibaki mstari mwembamba tu. Akaamua: darasa moja lijengwe hivyo, miti isiguswe. Likisimama masika yajayo, la pili lifuate. Likianguka, mashoka yatapanda kilimani.

"Na likianguka na watoto ndani, mama?"

"Mvua ya kwanza nitalala humo mimi."

Wakulima wa hapa waliamriwa matuta na mkoloni. Wakaamriwa pamba, wakaamriwa kuhama. Kuulizwa wanajua nini, hilo limesubiri mtu mmoja aje ale viazi.

Siwema hana kinyongo. Anachotaka kwa Serikali ni kalibu kumi za mbao za kufyatulia matofali, maana anayo moja tu, na fundi wa mawe.

"Na anayejenga bila kukata mti atajwe mkutanoni, kama anavyotajwa mwenye pamba nyingi," anasema. "Watu wanapenda kutajwa. Barua haimpi mtu moyo."

Ukimuuliza kijiji kitakuwaje wajukuu wake watakapozeeka, haangalii mbali. Anaona bomba likishuka toka chemchemi hadi kila mlango, nyumba za udongo huu huu, na kilima kilichoshonana miti hata watoto waogope kukipanda peke yao.

Bado matofali elfu mbili. Kuta zimefika usawa wa madirisha, na Siwema amekwisha chagua kona yake, ile inayopigwa na mvua kuliko zote. Mkeka wa kulalia ameshausuka.

"Nimeusuka mpana," anasema, akirudi udongoni. "Wale vijana wa uji nitawaalika."