Masta ya Breki Niliyoifuata Mpaka Kinampanda

Leo nimekula ugali na mlenda kwa mzee nisiyemjua, kisha nikatamani kulia mbele yake.

Lori la marehemu baba limelala Kilimatinde wiki ya tatu sasa. Masta ya breki, ile pampu ya kusukuma mafuta ya breki, imekufa, na ule mlima wetu haushukwi bila breki. Vitunguu viko shambani vinaoza.

Singida Mjini kila duka la spea jibu ni moja: "Hiyo ya zamani mno, hupati."

Muuzaji mmoja akanihurumia. Akasema Kinampanda kuna mzee ana lori kama letu, limekaa nyuma ya nyumba, halitembei.

Nikapanda basi. Masta mbovu mfukoni, iwe sampuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nawa kwanza."

Si mnajua kwetu? Mgeni hasemi shida yake kabla ya kula. Nikala, huku lile lori naliona dirishani, moyo umetulia kabisa.

Ndipo nikafungua mfuko.

Mzee akaigeuza masta, akafuta grisi kwa kidole gumba. Pembeni kuna mikato miwili ya msumeno.

"Alama hizi nilikata mimi. Niliifungua kwenye lori langu hilo hapo, nikamuuzia baba mmoja wa Kilimatinde, mcheshi kweli."

Akaniangalia usoni.

"Mmefanana. Hajambo?"

Jamani. Ningeanzia wapi?

Niko kituoni nasubiri basi, masta ni ileile. Anayejua lori lingine aniambie. Safari hii mfuko naufungulia mlangoni.