Ngumi Kwenye Mizani

Karani wetu wa mizani hutufundisha Kiingereza huku akipima vikapu vya majani chai. Anataja kitenzi, nasi tunachagua umbo la kitenzi kinachofuata: ngumi juu kwa "to", kiganja wazi kwa "-ing". Ukikosea hakupi jibu. "Sikiliza cha kwanza kinataka nini," anasema, akigonga mizani kwa kidole.

Juzi Bwana meneja, Mzungu, alikuja kumfukuza mchumaji mwenzetu Bonareri, eti anaacha kuchuma akanyonyeshe. Karani akavua kofia, akaanza kumtetea kwa Kiingereza. Alipotamka kitenzi "wants" akanyamaza kidogo, kama afanyavyo akitufundisha. Papo hapo ngumi zetu zote zikapaa. Bwana akaziona, akarudi nyuma.

"Haya, haya!" akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Bibi nabaki!"

Karani akatukagua mikono, akaridhika, kisha akaimalizia sentensi yake.