Kabati Jeusi la Verna Pascoe

Lindsay Trewin alipomwacha mkewe, aliondoka mjini kwao Kadina na karavani, televisheni, kitanda, meza na viti vitano kati ya sita. Cha sita alikiacha kwa sababu kilikuwa na mguu mbovu. Aliacha pia soksi zake zote, maana alikuwa anahamia kaskazini kwenye joto. Majirani walisema hata mwizi huacha zaidi ya hapo.

Dulcie alikuwa na miaka sitini na mmoja, ndiyo kwanza amestaafu upishi wa kantini ya shule. Alikikalia kile kiti asubuhi nzima, amejibana upande mmoja asije akaanguka, akanywa chai, akalia kidogo, kisha akaenda bandani kutafuta gundi.

Mguu ukashika, lakini kiti kilikuwa na sura mbaya, hakitazamiki. Bandani mlikuwa na kopo la rangi nyeupe lililobaki wakati wa kupaka uzio. Rangi yenyewe ilikuwa kidogo, naye hakuwa na pesa ya kununua nyingine, kwa hiyo akaichanganya na maji na unga wa plasta wa kuzibia matundu ya ukuta, ipate kuongezeka. Akapaka. Ilipokauka akaipitishia msasa kuilainisha, akazidisha, mbao ikachungulia kwenye kingo zote. Alitaka kulia mara ya pili. Aliposogea nyuma kutazama, akaona kiti kama cha bibi fulani mwenye nyumba ufukweni, kilichokaliwa na wajukuu miaka hamsini.

Rafiki yake wa maktaba alimwonyesha gazeti. Huko Sydney watu wenye fedha zao walikuwa wanatafuta viti vya namna hiyohiyo, vilivyochakazwa kwa makusudi.

"Kumbe kuna watu wanalipia mikwaruzo?" Dulcie alisema. "Basi mimi ni tajiri siku nyingi, nilikuwa sijaambiwa tu."

Tangu siku hiyo hakushikika. Rangi alizipata jalalani, kwenye duka la vitu vilivyotupwa, makopo ya watu waliobadili mawazo. Alizichanganya mpaka zikawa na rangi zisizo na jina. Vishumaa vilivyobaki kanisani alivisugua kwenye kingo kabla ya kupaka, ili pale rangi isishike, msasa ukipita ibanduke kwa upole. Soksi za Lindsay zilikuwa za kufutia, na zilifanya kazi kuliko mwenyewe alivyowahi kufanya. Mtu akimuuliza siri, alimjibu: "Usikwangue ovyo, kitaonekana kimetafunwa na mbwa. Kwangua pale ambapo maisha yenyewe yangekwangua."

Wengine hawakumwelewa. Kupaka rangi kisha ukaikwangua, walisema, ni sawa na kupiga nguo pasi kisha ukaikunjakunja. Na kwenye klabu mzee mmoja hakuchoka kumtania: "Dulcie, ukimaliza viti unipake na mimi. Kuchakaa nimeshachakaa, kazi yako itakuwa nusu."

Mwezi wa kumi ikafika ile wiki ambayo lori la baraza la mji hupita kuzoa takataka kubwa, na kila nyumba hutoa magodoro na majokofu yake ukingoni mwa barabara. Dulcie alifunga tela kwenye gari akaanza kuzunguka. Nyuma ya maghala ya ngano, kwenye lundo lisilo na mwenyewe, alilikuta kabati la vyombo. Lilikuwa jeusi tititi, refu kama mwanamume, limesimama juu ya miguu minne ya simba, makucha nje. Wapita njia wawili wakamsaidia kulipandisha, mmoja akamuuliza kama ndani kuna maiti.

Alilihangaikia siku nane. Akalipaka rangi iliyo kati ya kijani na kijivu, kama bahari asubuhi, akalikwangua kwenye mabega na pembeni mwa milango. Likawa limelainika, mithili ya mtu mkali aliyepata usingizi mzuri.

Siku ya tisa alikwenda kwenye chai ya wanawake wa kanisa. Akaingia Verna Pascoe, macho yamevimba.

"Jamani, nimeibiwa!" alisema Verna. "Kabati la marehemu mama! Mafundi wa zulia walikuja wiki iliyopita, tukalitoa barazani, nikaenda klabu mara moja tu. Kurudi, halipo!"

"Kabati gani, mwenzetu?" wakamuuliza.

"Jeusi. Lina miguu ya simba. Na droo ya katikati haifunguki mpaka uibembeleze."

Dulcie akairudisha sahanini pasti aliyokuwa akila, andazi la nyama na viazi. Nyumbani kwa Verna hakuwahi kupita sebuleni, asingeweza kulijua kabati hilo. Lakini miguu ya simba minne mjini Kadina haikuwa mingi.

Asubuhi yake akaoka pasti sita, maana kuungama mikono mitupu aliona ni utovu wa adabu, akaenda kwa Verna. Mlango ulifunguliwa na Murray, mumewe, mtu mrefu mpole aliyekuwa fundi wa matrekta.

"Verna yuko saluni," alisema Murray. "Karibu, jirani. Mbona umekuwa hivyo?"

"Murray, mimi ndiye mwizi wenu." Akamweleza yote: lundo, tela, rangi.

Alitegemea hasira. Murray akageuka mweupe kama ukuta, akachungulia barabara kushoto na kulia, akamvuta ndani.

"Bi Dulcie, nisitiri. Wewe hukuiba. Nililitupa mimi."

"Wewe!"

"Miaka thelathini na mmoja nimekuwa najigonga kidole cha mwisho kwenye ule mguu wa simba. Nikienda jikoni, paa! Nikirudi, paa! Hebu tazama." Akavua kandambili. Kidole kilikuwa kama zabibu kavu. "Siku ile ya zulia nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikalipeleka mbali asilione."

"Sasa ungama kwa mkeo."

"Nimeshachelewa. Nimekwenda naye polisi."

"Polisi kufanya nini?"

"Kutoa taarifa." Murray aliinamisha kichwa. "Wakaniuliza kama niliona mtu. Nikawatajia urefu wake."

Dulcie alicheka mpaka akashika ukuta. Murray alikuwa na wazo: Jumamosi kulikuwa na mnada wa kuchangia paa la ukumbi wa kanisa, na wageni hutoka Adelaide. Mgeni alinunue, aende nalo, mambo yaishe. Verna angekuwa jikoni na keki zake. Dulcie akajidanganya kwamba dhambi ikichangia paa la ukumbi hupungua uzito, akakubali.

Jumamosi Murray alilibeba mwenyewe kuliingiza ukumbini, akaliweka kona ya mwisho. Mama mmoja wa Adelaide alikuwa tayari anafungua mkoba, Verna akatokea jikoni na sahani ya keki.

"Ee! Zuri hilo!" Akaweka sahani. "Murray, hebu njoo uone! Hili ndilo la kuziba lile pengo letu."

"Halitaenea," Murray alisema haraka. "Nimepima."

"Umepima lini, na ndiyo kwanza nimeliona?" Verna akashika droo ya katikati. Ikakataa. Bila kufikiri akainyanyua kidogo kwa mkono wa kushoto, akalipiga kabati nyonga, pu! Droo ikateleza nje kama iliyoitwa.

Verna akaganda. Akaitazama droo, akajitazama nyonga.

"Nyonga yangu inalijua kabati hili," alisema polepole. "Dulcie. Umelitoa wapi?"

"Nyuma ya maghala ya ngano, dada. Kwenye takataka. Haki ya Mungu sikujua ni lako."

"Na lilifikaje huko? Kabati halitembei."

"Lina miguu minne," alisema Murray.

Verna alimgeukia mumewe, na hakuhitaji kumuuliza zaidi. Murray alitapika yote: zulia, kidole, hata urefu wa mwizi.

"Kumbe miaka yote hiyo unalichukia?" Verna aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Hata mimi."

Murray akainua macho.

"Nikiwa mtoto nililiogopa kama jeneza lililosimama," alisema Verna. "Lakini mama aliniomba lisitoke kwenye ukoo, nikalibeba. Kulichukia ni haki yangu, mama alikuwa wangu! Wewe kazi yako ilikuwa kuniuliza. Badala yake ukanishika mkono polisi, nalia, na wewe unawaambia mwizi ni mfupi!"

"Nilisema wa kimo cha wastani," Murray alinong'ona.

Aliyeanza kucheka ni yule mama wa Adelaide. Akafuata Dulcie, hakuweza kujizuia, na mwishowe Verna mwenyewe, anacheka huku anajifuta machozi kwa aproni. Kisha akapitisha kiganja kwenye bega la kabati, pale mbao ilipochungulia.

"Umemfanyaje mama yangu, Dulcie? Sasa anaonekana kama mtu wa kuongea naye."

Alitia noti kwenye kopo la paa, Dulcie alipokataa kupokea hata senti, kisha akatoa hukumu hapohapo. Murray atalirudisha kabati nyumbani peke yake. Jumatatu atakwenda polisi kufuta maelezo, Verna akimsindikiza amsikie. Na kila Alhamisi mpaka Krismasi atampigia Dulcie msasa bure.

Polisi walimsikiliza kwa heshima, wakasubiri atoke ndipo wakacheka. Dulcie naye hachukui tena kitu ukingoni kabla ya kubisha hodi nyumba tatu. Murray aligeuka kuwa fundi wa msasa asiye na mfano: mkono wake mzito ulilainika wenyewe kwenye mbao, na alijua kuacha kabla ya kuharibu. Krismasi ilipita, ikaja Pasaka. Alhamisi bado yuko bandani kwa Dulcie, vumbi jeupe kwenye nyusi, redio ikitangaza kriketi, na hakuna aliyemkumbusha kwamba kifungo chake kimekwisha.